Namna ya Kupima Matumizi ya TEHAMA katika Biashara na Uchumi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unamlenga mtu aliyekabidhiwa kazi ya kutoa takwimu za matumizi ya teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, awe mtakwimu wa serikali, mtafiti wa chuo au ofisa wa chama cha wafanyabiashara. Ugumu wa kazi hii hauko katika hesabu zenyewe, kwa kuwa nyingi ni za kuzidisha na kugawanya tu. Uko katika maamuzi yanayozitangulia: nani ahesabiwe, kitu gani kiitwe matumizi, na jumla ipi iwe kigawanyo. Takwimu mbili zenye jina moja huweza kupishana zaidi ya mara mbili bila mtu yeyote kukosea hesabu, kwa sababu tu kila mmoja alijibu maswali hayo kwa namna yake.

Hatua ya kwanza: Tenganisha maswali matatu

Anayeagiza takwimu hizi huwa na moja kati ya maswali matatu, ingawa mara nyingi huyataja kana kwamba ni swali moja. La kwanza ni ukubwa wa sekta ya TEHAMA yenyewe, yaani kampuni zinazotengeneza vifaa, zinazoandika programu na zinazotoa huduma za mawasiliano. La pili ni kiasi ambacho biashara za sekta zote, kuanzia viwanda vya nguo hadi hoteli, zinatumia teknolojia hiyo. La tatu ni matokeo ya matumizi hayo katika tija, ajira na bei. Swali la kwanza hujibiwa kwa hesabu za taifa na takwimu za sekta. La pili huhitaji utafiti wa sampuli unaowauliza wenye biashara moja kwa moja. La tatu haliwezi kujibiwa mpaka majibu ya utafiti huo yaunganishwe na takwimu za mauzo, wafanyakazi na mtaji. Nchi inaweza kuwa na sekta ndogo sana ya TEHAMA na bado biashara zake zikaitumia teknolojia hiyo kwa kina, kwa kuwa vifaa na programu huweza kuagizwa kutoka nje. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kuhusu matumizi asipewe takwimu za uzalishaji kwa sababu tu ndizo zilizopo kabatini.

Swali likishajulikana, angalia teknolojia imeenea kiasi gani katika uchumi unaoupima. Mfumo unaotumiwa sana na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) hutofautisha vipindi vitatu: utayari, kina cha matumizi, na athari. Pale ambapo biashara nyingi bado hazina kompyuta wala intaneti, kuuliza kama vitu hivyo vipo kuna faida. Pale ambapo karibu biashara zote zinavyo, swali hilo hurudisha jibu lilelile kila mwaka na linamaliza nafasi ya dodoso bure. Hapo ni bora kuuliza kuhusu kasi ya intaneti, huduma za wingu (yaani uwezo wa kompyuta unaokodiwa kupitia intaneti), uchambuzi wa data au programu zinazounganisha ghala, uhasibu na mauzo.

Hatua ya pili: Anza na viashiria vilivyokwisha kukubaliwa

Kutunga viashiria vipya kunavutia, lakini takwimu isiyoweza kulinganishwa na ya nchi nyingine wala ya mwaka mwingine ina thamani ndogo. Mwaka 2004, katika mkutano wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo, uliofanyika São Paulo, mashirika kadhaa ya kimataifa, yakiwemo UNCTAD lenyewe, OECD, Benki ya Dunia na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), yalianzisha ubia wa kupima TEHAMA kwa ajili ya maendeleo. Ubia huo ulitoa orodha ya viashiria vya msingi ambayo Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliiridhia mwaka 2007, na ambayo imekuwa ikirekebishwa tangu hapo. Sehemu inayohusu biashara huuliza ni asilimia ngapi ya biashara zinatumia kompyuta, zinatumia intaneti, zina uwepo kwenye tovuti, zinapokea oda kupitia intaneti na zinaagiza kupitia intaneti. Inauliza pia aina ya muunganisho na shughuli ambazo intaneti hutumiwa kuzifanya. Viashiria viwili kati ya hivyo huhesabu watu badala ya biashara: asilimia ya wafanyakazi wanaotumia kompyuta mara kwa mara, na ya wanaotumia intaneti mara kwa mara, ambapo mara kwa mara maana yake ni angalau siku moja kwa wiki.

OECD nalo lina dodoso la mfano kwa ajili ya biashara, lililorekebishwa mwaka 2005 na tena 2014, na Umoja wa Ulaya hufanya utafiti wa namna hiyo kila mwaka. Chukua maswali ya msingi jinsi yalivyo, kisha ongeza machache yanayohitajika kwako. Kubadilisha maneno ya swali la kimataifa "ili lieleweke vizuri zaidi" ni njia ya haraka ya kupoteza ulinganifu. Mahali pa kuboresha uelewa ni katika maelezo yanayoambatana na swali.

Hatua ya tatu: Andika fasili kabla ya maswali

Fasili ndizo zinazobeba takwimu. Katika viashiria vya msingi, kompyuta ni ile ya mezani, ya mapajani, au kifaa cha mkononi kinacholingana nazo kama vile tableti. Simu ya mkononi na televisheni hazihesabiwi, hata kama ndani yake mna uwezo wa kikompyuta. Intaneti, kwa upande wake, huhesabiwa bila kujali kifaa kilichotumika kuifikia. Matokeo yake ni kwamba biashara inayoendeshwa yote kwa simu itaonekana inatumia intaneti bila kutumia kompyuta, na hilo si kosa la data. Uwepo kwenye tovuti maana yake ni biashara kuwa na tovuti yake au ukurasa kwenye tovuti ya mwingine ambao maudhui yake inayadhibiti kwa kiasi kikubwa. Jina kutajwa tu katika orodha ya mtandaoni hakutoshi.

Fasili inayosumbua kuliko zote ni ya biashara mtandao. Kwa mujibu wa fasili ya OECD ya mwaka 2009, muamala ni wa biashara mtandao endapo oda yenyewe imewekwa au kupokewa kupitia mtandao wa kompyuta kwa njia iliyobuniwa mahsusi kwa kazi hiyo ya kuagiza. Kinachoamua ni namna ya kuagiza. Malipo yanaweza kufanywa kwa fedha taslimu mlangoni, na bidhaa inaweza kufikishwa kwa lori, na muamala ukabaki kuwa wa biashara mtandao. Kinyume chake, mteja aliyeagiza kwa kupiga simu kisha akalipa kwa njia ya kielektroniki hajafanya biashara mtandao, jambo ambalo wahojiwa wengi hulipinga wakilisikia kwa mara ya kwanza. Oda zilizoandikwa kwa mkono katika barua pepe nazo haziingii katika fasili hiyo, ilhali zipo orodha nyingine za viashiria zilizokubali kuzihesabu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha asilimia yako na ya nchi nyingine, thibitisha kwanza barua pepe imewekwa upande gani.

Zipo pia oda zinazopokewa kwa ujumbe mfupi katika programu za mazungumzo, zinazosomwa na mtu na kujibiwa na mtu. Kwa mantiki ya fasili ya 2009, oda hizi zinafanana na barua pepe, kwa hiyo ziko nje. Hata hivyo, kwa biashara ndogo nyingi hiyo ndiyo njia kuu ya kuuza, na kuziacha kabisa ni kuificha sehemu kubwa ya kinachotokea. Ushauri wangu ni kuziuliza katika swali la peke yake na kutozijumlisha na oda za tovuti: ulinganifu wa kimataifa unabaki, na msomaji anayetaka picha pana anaipata.

Hatua ya nne: Tengeneza orodha ya biashara na uchague sampuli

Amua kwanza kinachohesabiwa kuwa biashara moja. Kampuni yenye matawi 30 ni jibu moja au ni majibu 30? Kwa matumizi ya TEHAMA kampuni nzima ndiyo kipimo kinachofaa mara nyingi, kwa sababu maamuzi ya kununua mifumo hufanywa makao makuu. Lakini ukitaka takwimu za mikoa utalazimika kushuka hadi ngazi ya tawi.

Kisha amua mpaka wa ukubwa. Ngazi zinazotumiwa sana ni wafanyakazi chini ya 10, 10 hadi 49, 50 hadi 249, na 250 au zaidi. Utafiti wa Umoja wa Ulaya hujikita kwenye biashara zenye wafanyakazi 10 na kuendelea. Huo ni mpaka unaopunguza gharama, lakini katika uchumi ambao biashara nyingi zina mtu mmoja au wawili, unaacha nje karibu biashara zote. Biashara zisizosajiliwa hazimo kwenye rejista kabisa, na hakuna ufundi wa sampuli unaoweza kuchagua kitu kisichokuwemo kwenye orodha. Hizo hupatikana kwa kuongeza maswali katika utafiti wa kaya, kwa kumuuliza mwanakaya kama anaendesha shughuli ya kujipatia kipato na anatumia vifaa gani kuiendesha.

Rejista iliyopo isafishwe: ondoa biashara zilizofungwa, sahihisha anwani, hakikisha kila moja ina msimbo wa shughuli yake na idadi ya wafanyakazi. Kisha igawe katika matabaka kwa sekta na ukubwa. Biashara kubwa, ambazo ni chache na zina uzito mkubwa katika uchumi, zichukuliwe zote. Ndogo zichaguliwe kwa bahati nasibu ndani ya kila tabaka.

Hatua ya tano: Tunga dodoso na ukusanye majibu

Dodoso liwe fupi na lianze na maswali ya kuchuja, ili asiyetumia intaneti asisumbuliwe na maswali ya huduma za wingu. Kila swali litaje kipindi chake. Miezi 12 iliyopita ndiyo desturi kwa matumizi na kwa oda. Thamani ya mauzo ya mtandaoni ni vigumu kuipata kwa fedha kamili, kwa kuwa vitabu vingi vya hesabu havitenganishi mauzo kwa njia ya kuagiza, hivyo uliza ni asilimia ngapi ya mauzo yote na uweke mafungu ya kuchagua kwa asiyejua hasa. Fikiria pia atakayejibu. Mhasibu anajua mauzo lakini huenda hajui mtandao wa ndani ulivyo. Fundi wa mifumo anajua mtandao lakini hajui mauzo. Dodoso liandikwe wazi kwamba sehemu fulani ijazwe na nani. Lijaribiwe kwa biashara chache za kila ukubwa, na mdodosaji aketi na mhojiwa amsikilize anavyolisoma swali kwa sauti, kwa sababu hapo ndipo utakapogundua kwamba neno ulilodhani liko wazi linaeleweka kwa namna tatu.

Kuna kosa moja ambalo linastahili kutajwa kwa jina lake: kukusanya takwimu za matumizi ya intaneti kwa dodoso la intaneti pekee. Wasioitumia hawatajibu, na asilimia itakayopatikana itakaribia mia kwa sababu ya njia iliyotumika. Toa dodoso la karatasi au mahojiano ya simu kwa wanaohitaji. Hata baada ya hapo wasiojibu watakuwepo, na mara nyingi ndio wenye matumizi madogo. Wafuatilie baadhi yao kwa simu na uwaulize maswali mawili au matatu tu ya msingi, upate kujua wanatofautiana kiasi gani na waliojibu.

Hatua ya sita: Weka uzito, kisha chagua kigawanyo

Tuseme uchumi mdogo wa kufikirika una biashara 1,000: ndogo sana 900 zenye wafanyakazi 5 kila moja, ndogo 90 zenye wafanyakazi 40, na kubwa 10 zenye wafanyakazi 400. Umechagua ndogo sana 100, ndogo 45 na kubwa zote 10. Katika majibu, ndogo sana 20, ndogo 27 na kubwa zote 10 zina tovuti.

Ukijumlisha majibu bila uzito utapata biashara 57 kati ya 155, yaani asilimia 36.8. Jibu hilo halifai, kwa kuwa sampuli yako imewapa wakubwa nafasi isiyolingana na idadi yao. Kila biashara ndogo sana iliyojibu inawakilisha biashara 9, kila ndogo inawakilisha 2, na kila kubwa inajiwakilisha yenyewe. Ukizidisha unapata 180 na 54 na 10, jumla 244 kati ya 1,000, yaani asilimia 24.4. Hilo ndilo jibu la swali la biashara ngapi zina tovuti.

Lakini ukiuliza wafanyakazi wangapi wako katika biashara zenye tovuti, hesabu inabadilika: 900 na 2,160 na 4,000, jumla 7,060 kati ya wafanyakazi 12,100, yaani asilimia 58.3. Na ukiweka mpaka wa wafanyakazi 10 na kuendelea, biashara 64 kati ya 100 zina tovuti, yaani asilimia 64. Data ni zilezile, na kila moja kati ya takwimu hizi tatu za mwisho ni sahihi kwa swali lake. Mwandishi wa habari ataichukua iliyo kubwa. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba kigawanyo kimeandikwa ndani ya sentensi ileile yenye asilimia, kisiachwe chini ya ukurasa kwa maandishi madogo.

Hesabu pia ukubwa wa kosa la sampuli. Katika tabaka la biashara ndogo sana, ambako 20 kati ya 100 zina tovuti, makadirio ya kawaida huacha nafasi ya pointi kama 8 juu au chini kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Kwa hiyo tabaka hilo likipata asilimia 25 mwaka unaofuata kwa sampuli ya ukubwa uleule, bado hujapata ushahidi wa ongezeko.

Hatua ya saba: Panda kutoka biashara hadi uchumi

Kwa ukubwa wa sekta ya TEHAMA, tumia Uainishaji wa Kimataifa wa Shughuli za Kiuchumi (ISIC). Katika toleo lake la nne, fasili iliyokubaliwa hujumuisha utengenezaji wa vipande vya kielektroniki, kompyuta, vifaa vya mawasiliano na vya burudani, biashara ya jumla ya vifaa hivyo, uchapishaji wa programu, mawasiliano ya simu na intaneti, uandishi wa programu na ushauri, uchakataji wa data, na ukarabati. Kutokana na shughuli hizo chukua thamani iliyoongezwa, yaani thamani ya kilichozalishwa ukiondoa bidhaa na huduma zilizonunuliwa ili kukizalisha, na uigawanye kwa jumla ya thamani iliyoongezwa katika uchumi wote.

Hapa ndipo kosa linalojirudia sana hutokea. Thamani ya mauzo ya biashara mtandao haigawanywi kwa Pato la Taifa ili isemwe kwamba biashara hiyo ni asilimia fulani ya uchumi. Mauzo hujumuisha gharama ya kila kitu kilichonunuliwa ili kuuzwa tena, na bidhaa moja ikipita mikono mitatu huhesabiwa mara tatu, ilhali Pato la Taifa huhesabu kile tu kilichoongezwa katika kila mkono. Sehemu kubwa ya biashara mtandao kwa thamani hufanyika kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo marudio hayo si madogo. Linganisha mauzo ya mtandaoni na mauzo yote, usiyalinganishe na Pato la Taifa.

Uwekezaji nao una mitego yake. Programu za kompyuta zilianza kuhesabiwa kuwa uwekezaji katika Mfumo wa Hesabu za Taifa wa mwaka 1993. Kabla ya hapo nyingi zilichukuliwa kama gharama za kawaida. Programu ambazo kampuni hujiandikia yenyewe hazina bei ya sokoni, hivyo hukadiriwa kwa gharama, hasa mishahara ya walioziandika. Bei za kompyuta zenyewe hupotosha: mashine ya leo ikiuzwa kwa bei ya ile ya miaka mitano iliyopita, mnunuzi amepata uwezo mkubwa zaidi kwa fedha ileile, na faharisi ya bei, yaani kipimo cha mabadiliko ya bei, isiyozingatia ubora itasema hakuna kilichobadilika. Marekani ilianza mwaka 1985 kutumia katika hesabu zake za taifa faharisi inayokadiria bei ya kompyuta kutokana na sifa zake, kama vile kasi na kumbukumbu. Nchi ambayo haina uwezo wa kufanya hivyo isiichukue faharisi ya wengine bila kurekebisha tofauti ya thamani ya fedha na ya mfumuko wa bei.

Mabadiliko yaliyoleta utata zaidi katika miaka ya karibuni ni huduma za wingu. Kampuni iliyokuwa ikinunua seva zake ilionekana katika takwimu za uwekezaji. Ikihamia kukodi uwezo wa kompyuta kwa mwezi, malipo hayo yanaingia katika matumizi ya kati, yaani gharama za bidhaa na huduma zinazotumika katika uzalishaji. Takwimu za uwekezaji wa TEHAMA zitashuka katika mwaka uleule ambao kampuni imeongeza matumizi yake. Mchambuzi anayetazama uwekezaji peke yake ataripoti kurudi nyuma ambako hakupo. Dawa yake ni kupima vyote viwili kwa pamoja, vifaa vilivyonunuliwa na huduma zilizokodiwa, na majedwali ya ugavi na matumizi, yanayoonyesha kila bidhaa na huduma imetoka wapi na imetumiwa na nani, ndiyo mahali vinapoweza kuonekana bega kwa bega, ikiwa ni pamoja na huduma zilizonunuliwa kutoka nje ya nchi.

Hatua ya nane: Pima athari kwa tahadhari

Mwaka 1987 mwanauchumi Robert Solow alitania kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa katika takwimu za tija, na mjadala alioufungua haujafungwa. Njia ya kawaida katika ngazi ya uchumi ni kukadiria mchango wa mtaji wa TEHAMA katika ukuaji: kasi ya kuongezeka kwa huduma za mtaji huo huzidishwa kwa sehemu yake katika mapato yote. Katika ngazi ya biashara, majibu ya dodoso huunganishwa na takwimu za mauzo na wafanyakazi kwa namba ya rejista. Usiishie kulinganisha wanaotumia na wasiotumia, kwa sababu biashara kubwa na zinazoendeshwa vizuri hununua teknolojia mapema na zingekuwa na tija hata bila hiyo. Wafuate walewale kwa miaka kadhaa, na uulize pia kuhusu mafunzo na mabadiliko ya utaratibu wa kazi, kwa kuwa kompyuta iliyoongezwa kwenye utaratibu wa zamani mara nyingi huongeza gharama tu.

Hatua ya tisa: Chapisha pamoja na maelezo ya njia

Pamoja na majedwali, chapisha dodoso, fasili, ukubwa wa sampuli, kiwango cha kujibu na makosa ya sampuli. Majedwali yasionyeshe seli inayoweza kufichua kampuni moja, jambo linalotokea kirahisi katika sekta yenye mwendeshaji mkubwa mmoja au wawili, kama mawasiliano. Pale ambapo fasili imebadilika, weka alama ya mkatiko katika mfululizo wa miaka, na kwa mwaka mmoja, ikiwezekana, uliza swali la zamani na jipya katika nusu mbili za sampuli ili tofauti iliyoletwa na maneno ijulikane na miaka iliyotangulia iweze kurekebishwa.